Mawe 19 ya Kalokol, Turkana: kalenda ya nyota, au tumeyasingizia?

#1 Mpima Viwanja (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kuna picha haichoki kuzunguka kwenye magrupu: nguzo za mawe meusi zimesimama jangwani, na chini yake maandishi kwamba hii ni "Stonehenge ya Afrika" (Stonehenge ni lile duara maarufu la mawe ya kale kule Uingereza), kwamba mababu walisoma nyota hapo miaka 300 kabla ya Kristo. Mawe ni ya kweli. Yapo Kenya, kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, na wengi wanapaita Namoratunga. Hayo maandishi ya chini ndiyo yananiwasha. Kazi yangu ni kupima ardhi. Mtu akiniambia jiwe "linaelekea" nyota fulani, namuuliza kwanza: umepima kwa chombo gani, na ulisimama wapi?

Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Pale pana nguzo 19 za basalti. Basalti ikipoa hupasuka yenyewe kuwa nguzo zenye pande, kwa hiyo hakuna aliyechonga kitu; watu walizibeba na kuzisimika. Duara la mawe madogo linazizunguka. Nyingi zimeinama, kila moja na upande wake. Simulizi ya Waturkana ni kwamba hao walikuwa watu wakicheza ngoma, wakamcheka pepo, wakageuzwa mawe.

Mwaka 1978 watafiti wawili Wamarekani, Lynch na Robbins, waliandika kwenye jarida la Science kwamba mistari inayounganisha nguzo hizo inaelekea sehemu za upeo wa macho zilipokuwa zikichomoza nyota za kalenda ya Waborana, mnamo mwaka 300 KK. Waborana ni watu wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, na kalenda yao ni jambo la kuvulia kofia. Miezi 12, siku 354. Miezi 6 ya kwanza hutambuliwa kwa mwezi mwandamo kuwa pamoja na nyota fulani: Triangulum, Kilimia (kile kishada cha nyota), Aldebaran, Bellatrix, katikati ya Orion pamoja na Saiph, kisha Sirius. Miezi 6 iliyobaki wanarudi Triangulum peke yake, ila sasa wanamtazama mwezi akiwa mpevu, halafu akipungua hatua kwa hatua. Wajuzi wao wanaitwa ayyantu, na yote hayo wanayo kichwani.

Kwa hiyo kalenda ipo. Ninachobishia ni kuiunganisha na hizo nguzo.

Kwanza vipimo. Mwaka 1982 mwanaakiolojia Robert Soper alirudia kupima na kukuta nguzo zina usumaku. Ukisogeza dira karibu na basalti ya namna hiyo, sindano inavutwa. Namba alizosoma hazikulingana na za awali. Mpimaji yeyote humu anajua: dira ya mkononi ni ya kutafutia njia, si ya kudai nusu digrii. Ulitakiwa usimamishe theodolaiti (chombo cha kupimia pembe), usome jua, upate kaskazini ya kweli, ndipo uguse jiwe. Halafu hilo jiwe limeinama. Unalipima kichwani au kwenye shina? Nguzo mbili zikiachana mita 5, kukosea sentimita 10 tu ni zaidi ya digrii 1, ambayo angani ni upana wa mwezi mpevu mara mbili.

Pili hesabu ya kawaida kabisa. Nguzo 19 ukiziunganisha mbilimbili unapata mistari 171. Kila mstari unatazamika kutoka ncha zote mbili, zinakuwa pande 342. Duara zima lina digrii 360. Nitajie nyota yoyote, hata ambayo Mborana hajawahi kuitaja, nami nitakutafutia nguzo mbili zinazoielekea. Nikikosa ni uvivu wangu.

Tatu, na hapa ndipo pananinogea, tarehe. Huo mwaka 300 KK haukutoka Kalokol. Ulitoka kwenye makaburi ya Namoratunga nyingine, karibu na Lokori, mbali kusini, ambako mawe yamesimikwa kuzunguka makaburi. Wakachukua umri wa kule wakauvika huku. Baadaye kundi la Elisabeth Hildebrand, John Shea na Katherine Grillo lilichunguza maeneo manne ya nguzo magharibi mwa Turkana, Kalokol ikiwemo, na makala yao ya 2011 inayaweka kwenye umri wa miaka 5,000 hadi 4,000 hivi iliyopita, enzi wafugaji wa kwanza wanaingia bonde lile na ziwa linanywea kwa kasi kwa sababu mvua zimepungua.

Sasa kwa nyota miaka 2,000 si kitu cha kupuuza. Mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia inayokaribia kuanguka, mzunguko mmoja unachukua miaka kama 26,000, na sehemu ambako nyota inachomoza inahama nao. Chukua Kilimia. Ukisimama Kalokol leo, kinachomoza kama digrii 24 kaskazini mwa mashariki. Mwaka 300 KK kilikuwa kwenye 14 au 15. Miaka 5,000 iliyopita kilichomoza mashariki kamili, au karibu sana na hapo. Sirius nayo: leo na mwaka 300 KK ni karibu palepale, kama 17 kusini mwa mashariki, lakini miaka 5,000 iliyopita ilikuwa kwenye 22 hivi. Kwa hiyo mawe yaliyopangwa kwa anga ya 300 KK hayawezi kuwa yalisimikwa na watu waliokwisha kufa miaka 2,000 kabla.

Karibuni tujadili. Matusi weka pembeni.

#2 Siti ya Mbele

Nimefika na karanga zangu. Endelea mkuu.

#3 Kijana wa Lodwar

Mimi ni wa huku, hiyo barabara naijua. Ukipita pale utaona vijiwe vidogo vimewekwa juu ya nguzo. Mtu akipita anaokota jiwe, anaweka, anaenda zake. Hapo si mahali pa kuchezea.

Lakini wewe bana, kila kitu cha Afrika kikipata sifa lazima atokee mtu na kalkuleta. Stonehenge mbona hamuisumbui hivi?

#4 Mpima Viwanja

Kijana wa Lodwar, asante kwa hilo la vijiwe.

Stonehenge imesumbuliwa kuliko jiwe lolote duniani. Mwaka 1963 mwanaastronomia Gerald Hawkins alitangaza kwamba ameingiza mistari yake kwenye kompyuta na kukuta kila kitu kinaelekea jua au mwezi. Richard Atkinson, mwanaakiolojia aliyechimba pale, alimjibu kwa makala kali, na hoja kuu ilikuwa ileile: ukiwa na mashimo na mawe mengi hivyo, bahati peke yake inakupa mistari ya kutosha. Kilichosalimika baada ya vita ile ni mhimili mmoja, ule wa kuchomoza jua la Juni 21 hivi upande huu na kuchwa jua la Desemba 21 hivi upande wa pili.

Na sifa mbona ipo, tena kubwa. Soma habari za Lothagam North, kwenye hilohilo kundi la maeneo ya nguzo. Makala ya 2018: jukwaa la mawe lenye kipenyo cha mita 30, na katikati yake shimo walimozikwa watu wasiopungua 580 kwa makadirio. Wanaume, wanawake, wazee, watoto wachanga. Karibu kila mmoja ana mapambo yake, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, za mawe ya rangi, na hakuna kaburi la mkubwa lililotengwa na la mdogo. Hao ni wafugaji wasiokuwa na mfalme, ziwa linawakimbia, na bado wanakusanyika kwa karne kadhaa kujenga kitu kimoja. Mimi hiyo inanishangaza kuliko nguzo kuelekea Bellatrix.

#5 Swali la Kizushi

Siku 354? Si itakimbia kama mwaka wetu wa Kiislamu, Ramadhani leo kiangazi kesho masika? Wafugaji wanaitumiaje?

#6 Mpima Viwanja

Swali zuri kuliko jina lako. Kalenda inayotazama nyota ina mahali pa kujirekebishia: mwezi ukikutwa hauko na nyota yake, mjuzi anajua pamekwenda upande.

Ila angalia kitu. Kutoka Kilimia hadi Aldebaran ni kama digrii 10 tu njiani kwa mwezi. Mwezi mwandamo wa mwezi unaofuata unakuwa umesogea kama digrii 29. Ukimuona leo ubavuni kwa Kilimia, mwandamo ujao atakuwa ameshaipita Aldebaran mbali. Kwa hiyo ule mpangilio wa nyota 6 kwa miezi 6 ukiusoma kwa maana ya "bega kwa bega" hauendi.

Mwanaastronomia Laurance Doyle aliliona hilo mwaka 1986, akapendekeza kwamba maana ni nyingine: mwezi unachomoza pale pale kwenye upeo wa macho inapochomoza nyota ile, hata kama si saa moja. Mwaka uliofuata Clive Ruggles, mtafiti wa mawe ya kale na nyota, alimjibu kwamba maelezo ya watu waliokaa na Waborana yanaonyesha ayyantu wakimtazama mwezi akiwa angani kando ya nyota, si upeoni. Ona jinsi jambo dogo linavyobeba mengi: Doyle akiwa sahihi, alama za kudumu ardhini zina kazi. Ruggles akiwa sahihi, Mborana hahitaji jiwe hata moja. Mimi niko na Ruggles, kwa sababu ayyantu wa leo bado wanafanya kazi na hawana nguzo.

#7 Nahodha Mstaafu

Assalaam aleykum wanangu. Nimesoma yote pole pole.

Kilimia sisi wa pwani tumekilea. Wazee walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hatukuweka jiwe. Mtu alikaa uwanjani kwake, akijua kwenye mnazi gani au kilima gani kinatokea.

Lakini nitasema jambo kuhusu kulinganisha. Mvuvi anaujuaje mwamba wake uliozama, na bahari yote ni maji? Analinganisha vitu viwili vya nchi kavu: mnara wa msikiti uingie nyuma ya mbuyu, na upande wa pili ncha ya kisiwa iguse kilima. Ikikubali yote mawili, tupa nanga. Kitu kimoja peke yake hakikupi mstari. Sasa hao wenye mawe, jiwe ni la karibu, la mbali ni lipi? Hapo Turkana nyuma ya nguzo kuna nini?

#8 Mpima Viwanja

Shikamoo nahodha. Umegusa mahali penyewe, niruhusu nirefushe.

Mawe mawili yaliyoachana mita 5 ni bunduki fupi. Jiwe moja na mlima ulio kilomita 30 ni bunduki ndefu ajabu. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja ya Alexander Thom, profesa wa uhandisi wa Oxford, aliyezunguka Uingereza na hasa Uskoti miaka mingi na theodolaiti yake akipima mawe ya kale. Mfano wake maarufu ni Ballochroy, pwani ya rasi ya Kintyre. Mawe matatu kwa mstari, karibu yake kaburi la mawe. Jiwe la kati ni bapa. Ukitazama sambamba na ubapa wake, unavuka bahari hadi kisiwa cha Jura, kwenye mlima Corra Bheinn, kama kilomita 30, na pale ndipo jua la Juni 21 hivi lilikuwa likichwa. Ukigeuka na kufuata mstari wa mawe yenyewe kuelekea kusini magharibi, unakutana na kisiwa kidogo cha Cara, na hapo ndipo jua la Desemba 21 hivi linapochwa. Sehemu moja, majira mawili. Thom aliona kwamba mlima wa mbali unaweza kukuonyesha siku yenyewe jua linapogeuka, hata kama linasogea kidogo mno kuonekana kwa macho matupu.

Nzuri sana kwenye karatasi. Sasa sikia. Edward Lhuyd, msomi kutoka Wales, alipita pale mnamo mwaka 1700 akachora alichokiona. Kwenye mchoro wake lile kaburi limefunikwa na rundo kubwa la mawe, ambalo baadaye lilitoweka. Rundo hilo liko kwenye mstari wa kwenda Cara. Yaani enzi ya waliosimika mawe, anayetazama kuelekea Cara angeona rundo la mawe puani mwake. Thom alikuta uwanja mtupu na alipima uwanja mtupu. Baadaye Ruggles alishughulikia maeneo 300 ya magharibi mwa Uskoti, na usahihi ule mkubwa wa Thom haukutokea. Kilichobaki ni mwelekeo wa jumla, wa digrii kadhaa, ambao watu wa ibada wangeridhika nao.

Kuhusu Turkana, kuna tofauti ambayo watu wa picha za WhatsApp hawaijui. Kalokol iko kama digrii 3 na nusu kaskazini mwa ikweta. Huku kwetu jua na nyota hupanda wima, karibu kama ndoo inavyotoka kisimani. Ukiwa na kilima cha digrii 1 upeoni, nyota inachelewa kuonekana dakika 4 hivi, lakini sehemu inapojitokeza haijasogea kitu cha maana. Ballochroy jua hushuka kwa mshazari mkali. Kilima cha digrii 1 kule kinasogeza sehemu ya kuchwa jua la Juni kwa digrii 2, upana wa jua lenyewe mara nne. Ndiyo maana kule huwezi kusema lolote bila kupima urefu wa mlima uliopo mbele ya jiwe, na huku mlima hauna sauti kubwa hivyo.

Na wale wa 1978 hawakutumia mlima wowote. Walitumia jiwe kwa jiwe. Bunduki fupi.

#9 Mzee wa Anunnaki

Mnajisumbua. Mawe ya tani ngapi, jangwani, bila kreni? Waliletwa wageni kutoka juu wakasaidia. Amkeni.

#10 Kijana wa Lodwar

Mzee, nguzo nyingi pale zinanifika kifuani hivi, zingine ni fupi. Wanaume wanne na kamba. Hao wageni wako walitoka mbali hivyo kuja kubeba hicho?

#11 Mwalimu wa Jiografia

Mleta mada umebomoa vizuri, lakini nakubana hapa. Kwa kipimo chako, kuna mahali popote duniani unakubali mawe yanaelekea angani? Au ukishakuwa na hesabu yako ya mistari 171 hakuna anayepona?

#12 Mpima Viwanja

Wanaopona wapo, mwalimu, na wote wamepona kwa njia mbili.

Njia ya kwanza, jengo lenyewe halikupi pa kuchagua. Newgrange, Ireland, ina umri wa miaka kama 5,200. Ni kilima cha kujengwa chenye njia moja ndefu ya mawe kuingia ndani, na juu ya mlango kuna kidirisha cha pekee. Mwanaakiolojia Michael O'Kelly aliingia Desemba 1967, akakaa gizani chumba cha ndani alfajiri, na jua lilipochomoza mwanga ukapita kwenye kile kidirisha hadi sakafu ya chumba. Unakaa dakika 17 kisha unaondoka. Njia moja, dirisha moja, siku chache za mwaka. Hapo sina ubishi.

Njia ya pili, desturi inayojirudia. Kaskazini mashariki mwa Uskoti, Aberdeenshire, kuna makumi ya maduara ya mawe yenye jiwe moja kubwa lililolazwa kati ya mawe mawili marefu. Jiwe hilo la kulala limewekwa upande wa kusini hadi kusini magharibi, duara baada ya duara. Ungekuwa na duara moja ningesema bahati. Yakiwa makumi, kuna kanuni, na wengi wanaona ni mwezi wa kiangazi unaopita chini angani juu ya lile jiwe.

Katikati naweka Callanish, kisiwa cha Lewis. Kila miaka 18.6 mwezi hufika mwisho wake wa kusini, na kule juu kaskazini huonekana kama unatambaa juu ya milima ambayo wenyeji wanaiona kama mwanamke aliyelala. Mara ya mwisho ilikuwa 2024 na 2025, kabla yake 2006. Inapendeza, na mimi ningependa iwe kweli, lakini ni mahali pamoja na watu wamechagua mlima baada ya kuona jibu.

Tukirudi Turkana, njia hiyo ya pili ndiyo ingefaa. Kuna maeneo manne ya nguzo kwenye ile makala ya 2011, yaliyojengwa na watu wa utamaduni mmoja. Mtu angepima yote manne kwa kaskazini ya kweli, kwa kanuni aliyoitangaza kabla hajapima, hapo tungekaa kuongea.

#13 Swali la Kizushi

Mimi sina theodolaiti, nina simu na laptop. Naweza kuona hiyo Kilimia ya zamani?

#14 Mpima Viwanja

Unaweza. Pakua Stellarium, programu ya kuonyesha anga, ni bure. Weka eneo Lodwar, halafu nenda kwenye tarehe uandike mwaka. Angalizo: programu hizi zina mwaka 0, kalenda ya kawaida haina. Kwa hiyo mwaka 300 KK unaandika -299, na 3000 KK unaandika -2999. Ondoa angahewa, washa mistari ya azimuthi (mwelekeo kwa digrii, ukihesabu kutoka kaskazini), kisha peleka saa mbele hadi nyota iguse upeo. Mashariki kamili ni 90. Soma namba wakati inagusa, si ikishapanda.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, Stellarium inakubali upeo wako mwenyewe: unapiga picha ya duara zima ukiwa pale ulipo na kuiingiza, milima yote ikakaa mahali pake.

#15 Swali la Kizushi

Nimefanya. -299 imenipa kama 75 na nusu, -2999 imegonga 90 hivi. Leo 66.

Sasa nahodha, shikamoo. Kile kilima au mnazi ambao wazee wenu waliuangalia, mtu akiupima leo, kwa miaka 300 tu Kilimia kimehama kiasi gani pale?

#16 Nahodha Mstaafu

Marahaba. Mnazi wenyewe haukai miaka 300, mwanangu. Mwulize huyo wa theodolaiti.

#17 Mpima Viwanja

Kama digrii 1 kasoro kidogo. Kwa jicho la mtu aliyekaa uwanjani, hajui. Kwa kilima kilicho mbali, mjukuu wa mjukuu wake angeanza kusema wazee walikosea.